Heko kwa Walezi wa KenSAP

Tangu mwaka 2004, mpango wa KenSAP umewashika mkono vijana wa Kenya waliong'ara katika mtihani wa KCSE lakini wazazi wao hawana uwezo wa kuwasomesha ng'ambo. Waanzilishi wake, mwanahabari John Manners na Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya 1972, hawakukubali kipaji kizimwe na ufukara. Huko Iten, nchini Kenya, wateule wa mpango huo wamenolewa kwa SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, wakaelekezwa kuandika insha za maombi na kujaza fomu za ufadhili, bila kutozwa ada. Wapo waliofika vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton. Hongereni sana, walimu! Kazi yenu yafaa kuigwa katika kila kaunti.