Shimo la Nyoka: Hadithi ya Mapenzi na Upelelezi Ng'ambo ya Ziwa

Wako wazee katika pwani hii ya Ghuba ya Speke ambao, wakiulizwa habari za vita vya Idi Amin, hutaja kwanza ile ndege. Ilikuja mwezi wa Machi mwaka 1979, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin, nayo ilikusudia kuyapiga matangi ya mafuta yaliyoko Mwanza. Ikakosea. Mabomu yakaangukia mahali pa kuhifadhia wanyama, wakafa swala kadhaa. Watoto wakisimuliwa habari hii hucheka, na wazee huwaacha wacheke. Lakini wazee wenyewe hawacheki, maana wayakumbuka mengine: jinsi askari wa Amin walivyoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, wakaua watu, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, na jinsi vijana wa nchi hii, wa kwetu wakiwamo, walivyoondoka kwenda vitani, na wengine hawakurudi.

Hayo ndiyo yaliyotufikia sisi. Tusiyoyajua sana ni yale yaliyotendeka ng'ambo, ndani ya nyumba za watu wa Uganda, katika miaka minane ya utawala ule. Basi mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu kitabu kimoja kinachosimulia mambo hayo, nacho ni Snakepit cha Moses Isegawa, yaani shimo la nyoka. Mtungaji huyu alizaliwa Kawempe, Kampala, mwaka 1963. Alisoma seminari, akafundisha historia, kisha mwaka 1990 akahamia Uholanzi. Kitabu hiki alikitunga akiwa huko, kikachapwa kwanza kwa Kiholanzi mwaka 1999, na kwa Kiingereza mwaka 2004. Sisi tumekisoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo wengi wa mnaosoma maneno haya hamtaweza kukisoma, na jambo hilo tutalirudia.

Hadithi yenyewe ni hii. Kijana mmoja, jina lake Bat Katanga, arudi nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge katika Uingereza, wakati watu wengine wenye elimu wanakimbia nchi. Ataka kazi, ataka nyumba nzuri na motokaa nzuri, na yote ayapata upesi, kwa kuwa serikali haina watu wajuao hesabu. Awekwa katika Wizara ya Nishati na Mawasiliano, chini ya Jemadari Bazooka, askari aliyeinuka kutoka unyonge kwa kushikamana na Amin. Jemadari humhitaji kijana huyu, na humchukia vilevile kwa sababu amesoma. Kwa hiyo amtuma mwanamke, jina lake Victoria, aliyekuwa hawara yake na ambaye kazi yake ni upelelezi, aende akafanye urafiki na Bat, akae naye, akalete habari zake zote.

Victoria aenda. Na hapo ndipo kitabu kinapoanza kuwa kitabu, maana mpelelezi ampenda yule aliyetumwa kumpeleleza, akapata na mimba yake. Aona ya kuwa kwa mtu huyu aweza kutoka katika kazi ya damu na kuwa mama wa nyumba kama wanawake wengine. Lakini Bat akija kujua yeye ni nani, amwacha, akampenda mwingine aitwaye Babit, mwanamke mpole asiye na siri. Victoria haendi zake kimya. Kabla hadithi haijaisha, Babit ameuawa, Bat mwenyewe amekwisha kuonja gereza, na ndugu yake Tayari amejiingiza katika kundi la vijana watengenezao mabomu ya kuipinga serikali.

Pengine msomaji atauliza: vita hivi vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe, au vilikuwa vya Uganda na Tanzania? Sisi twaona vilikuwa vyote viwili. Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, na tangu siku hiyo Waganda, Waacholi, Walango na wengineo walianza kuuawa na watu wa serikali yao wenyewe. Mwezi wa Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda walitoka katika nchi yetu wakiwa na bunduki, wakajaribu kumtoa, wakashindwa. Mwaka 1979 walikuja tena pamoja na jeshi letu, na Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili. Hapana siku iliyotangazwa vita vya ndugu, lakini ndugu kwa ndugu waliuana muda wote huo, na kwa miaka mingi baadaye. Isegawa ajua jambo hili, na ndiyo sababu hadithi yake haina uwanja wa mapigano. Uwanja wake ni meza ya chakula, kitanda, ofisi, na simu iliayo usiku.

Katika lugha yetu tunayo hadithi moja ifananayo nayo kidogo, Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapwa mwaka 1999. Humo pia yamo mapenzi, baina ya Yasmin na Denge, na wamo makachero wamfuatao Denge katika vichochoro vya Unguja kwa sababu ya siasa. Ni kitabu kitamu, na mwenye kukipata akisome. Lakini huko msomaji hapotei njia: nyuma ya makachero wote yuko mtawala mgeni, Mwingereza, na kila mtu ajua ni nani wa kupingwa. Katika Shimo la Nyoka hakuna mgeni wa kumtwika lawama yote. Yumo Mwingereza mmoja, Robert Ashes, na kila ajuaye habari za siku zile humtambua mara moja kuwa ameigwa kwa Bob Astles, yule mshauri wa Amin aliyekimbilia Kenya Amin alipoanguka, akarudishwa kushtakiwa, akafa Uingereza mwaka 2012. Lakini hata Ashes si bwana. Ni nyoka mmoja miongoni mwa wengi.

Habari za Ashes zatuhusu sisi tuishio kando ya maji. Apewa kazi ya kukomesha magendo ziwani, nayo ilikuwa kazi ya Jemadari Bazooka hapo kwanza, na wivu wa hao wawili huwaangamiza watu wasiowajua. Wavuvi wetu wakumbuka kahawa ilivyokuwa ikivushwa usiku wakati ule, maana baridi kali iliharibu mashamba ya Brazili mwaka 1975, bei ikapanda mno duniani, na mkulima wa Uganda aliyelipwa makaratasi na serikali yake aliona afadhali kupakia magunia mtumbwini akauze Kenya. Mtungaji angeweza kutupa kurasa nyingi za jambo hili. Ametupa chache, na twasikitika. Tungalipenda kumwona mvuvi mmoja mwenye jina, mwenye mke, akisikia ngurumo ya mashua ya askari nyuma yake gizani. Lakini Isegawa amewapenda mno wakubwa. Huwafuata katika majumba yao, katika magari yao na ulevi wao, hata msomaji huchoka na utajiri wao kama achokavyo mgeni akaaye mno katika karamu.

Na hapa tutasema kosa lake kubwa kwa maoni yetu. Ukatili umezidi. Jambo la kutisha likisimuliwa mara moja, moyo hushtuka. Likisimuliwa mara kumi, moyo hufanya sugu. Hatusemi ya kuwa ametia chumvi, kwani yaliyotendeka Nakasero, katika nyumba ya wapelelezi wa Amin, yalikuwa mabaya kuliko yaandikwayo katika hadithi, na askari wetu walipofika huko waliona maiti kwa macho yao. Twasema tu kwamba mtungaji amesahau kumpumzisha msomaji. Tena watu wake wengi husema kwa namna moja. Jemadari, mwanamke na msomi, wote wana maneno makali yaleyale, kana kwamba wote walilelewa na mama mmoja.

Mwalimu mmoja tuliyemwazima kitabu alikirudisha baada ya siku tatu. Alituambia ya kuwa hakifai kuwekwa mahali ambapo vijana wanaweza kukitwaa, kwa ajili ya mambo ya chumbani yaliyomo. Hatumbezi. Yamo kweli, na mengine hayakuwa na haja. Lakini tulimjibu hivi: yale ya Victoria na Bat hayawezi kuondolewa, maana ndiyo shina la hadithi. Serikali ya namna ile haikuridhika kusikiliza maneno ya mtu barazani. Ilitaka kusikia asemavyo akiwa amelala. Mtungaji asiyefungua mlango huo hawezi kuonyesha woga wa wakati ule ulivyokuwa. Mwalimu hakukubali, wala sisi hatukumshinda. Tulikubaliana tu kwamba ni kitabu cha watu wazima.

Wasomaji wetu wayajua mambo ya upelelezi katika vita vya ndugu kuliko wanavyodhani. Absalomu alipoasi, Daudi alimrudisha Hushai mjini ajifanye mtu wa Absalomu, na wale vijana wawili waliokuwa wakipeleka habari walifichwa kisimani huko Bahurimu. Mwanamke akatandika nguo juu ya kisima, akaanika nafaka juu yake, kama mama yeyote wa Magu aanikavyo mtama wake. Sisi humsifu mwanamke yule. Delila, naye, humlaani kila mtu. Wote wawili walificha jambo na wote wawili walidanganya. Victoria wa Isegawa amesimama mahali ambapo hatumjui ni yupi kati ya hao, na hili ndilo tunalolisifu katika kitabu kuliko yote. Alikwenda kwa Bat kama Delila, kisha akataka kuwa mwingine, na hapana aliyemwamini. Je, Bat alikosa kumwacha? Ni nani kati yetu ambaye angelala usingizi karibu na mtu aliyelipwa kumwuza? Hata hivyo, msomaji akifika mahali ambapo mwanamke huyu aanza kulipiza kisasi, hukumbuka ya kuwa palikuwa na siku chache alipoweza kurudi, na mlango ukafungwa.

Tumesema juu ya jambo hili jioni nyingi, maana si la Uganda tu. Mtu aliyetoa habari za jirani zake wakati wa hatari, naye bado yu hai, bado ana shamba na watoto, watu hukaa naye namna gani? Kampala ilipoanguka, wengi wa wapelelezi wale walikimbia, wengine wakakamatwa, wengine wakauawa njiani na watu wenye hasira. Lakini hawakwisha wote. Wako waliorudi vijijini kwao wakachukua jembe. Isegawa hakutupa jibu, na sisi hatumlaumu kwa hilo, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa uongo.

Sasa turudi kwa lile la lugha. Hadithi ya ziwa letu imechapwa kwa Kiholanzi, ikapata Kiingereza, na watu waliousikia mtikiso wa vita vile hawawezi kuisoma. Ukerewe, ambayo twaiona kwa macho siku za anga safi, ilimtoa Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa lugha yake habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kisha akaitia katika Kiswahili mwenyewe, ikachapwa mwaka 1980. Mambo ya kisiwa kidogo yakawa ya nchi nzima kwa sababu alikubali kuifanya kazi mara mbili. Shimo la Nyoka lingehitaji mfasiri wa namna hiyo, ajuaye Kiswahili cha watu wazima, na ajuaye kupunguza pale mtungaji alipozidisha bila kuvunja mfupa. Tena, zaidi ya tafsiri, twangoja hadithi ya upande wa huku: dereva wa lori la jeshi aliyetoka Mwanza hadi Mutukula, mama aliyepokea barua, msichana wa Kampala aliyependwa na askari wetu na kuachwa. Mambo hayo yangali vichwani mwa wazee, na wazee hao wanapungua.

Katika kitabu hiki yumo mtoto, binti wa Bat na Victoria, aliyezaliwa na mpelelezi na mtu aliyekuwa akipelelezwa. Hatujali sana mwisho wa majemadari. Huyu binti ndiye aliyebaki nasi baada ya kufunga kitabu. Kama angekuwa mtu wa kweli, leo angekuwa mama mzima, umri wake ukikaribia miaka hamsini, pengine akiuza samaki katika mwalo fulani wa ng'ambo, na watu wakimwuliza baba yake ni nani na mama yake alikuwa akifanya kazi gani. Hadithi yake sisi tungeinunua.