Kumlea Nunda

Watambaji wengi wa ngano wana haraka ya kuua. Zimwi halijatoa hata kichwa, tayari shujaa ananoa upanga. Kina mama wa ploti za mtaa wa Kawangware, Nairobi, wale wanaotamba stima inapopotea, hufanya kinyume: hulilea zimwi kwanza.

Mmoja wao, wa Gatina, hupenda ngano ya Nunda mla watu. Ilitoka pwani, Askofu Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja. Sultani Majinuni ana paka. Paka akakamata ndama, watumishi wakapeleka habari, naye Sultani akajibu kuwa paka ni wake na ndama ni wake, aachwe. Ikafuata zamu ya mbuzi, kisha ng'ombe, hadi punda na ngamia, na jibu ni lile lile. Hata watu walipoanza kuliwa, Sultani hakushtuka. Baadhi ya wanawe walipoliwa ndipo alipokiri kuwa yule si paka tena, ni nunda.

Mama wa Gatina hana ngamia. Paka wake huanza na omena walioanikwa juu ya gunia, akahamia kwa kuku wa jirani, akaingia zizi la mbuzi. Sultani wake ni landilodi. Kila mnyama anapoliwa, sauti ya mama hushuka badala ya kupanda, na kisu chake kinachokatakata sukuma wiki huzidi kukawia. Jibu la landilodi huitikiwa na watoto wote kwa pamoja, wakicheka: paka ni wangu, kuku ni wangu! Zamu ya mtoto wa kwanza kuliwa ikifika, kisu kimeshatulia, lakini midomo imezoea, na watoto huitikia kabla hawajafikiri. Kisha kimya. Wamelitetea zimwi kwa vinywa vyao wenyewe. Kitabu cha Steere hakiwezi kufanya hivyo.

Wagiriki, kwa utajiri wao wote wa viumbe vya ajabu, walikuwa na haraka hapo kwenye kulea. Kwa mshairi wao Hesiod, Pegasus anachomoka Perseus anapomkata Medusa kichwa, mara amepaa kwa miungu, anambebea Zeus radi. Farasi wa fahari, lakini utoto hakuupata, nami nashindwa kumwonea hata huruma. Afadhali mungu wao Kronos, aliyemeza wanawe wachanga na baadaye akawatapika. Huyo, mtaani Kibera wangemtambua mara moja. Irimu la Wagikuyu nalo humeza watu, na likielekea kufa huagiza likatwe kidole cha mwisho, waliomezwa wakatoka wazima.

Kibera zimwi hulelewa na majirani wengi. Mtoto wa Kiluo atakwambia ni Apul Apul, wa Kiluhya atasema linani, wa Kikamba eimu. Mkikuyu atasisitiza kwamba lina mdomo wa pili kisogoni, umefichwa na nywele. Fanani mjuzi wa Laini Saba habishani na yeyote kati yao. Huupokea ule mdomo wa kisogoni, akalivika zimwi lake, akaendelea, Kiswahili kikichanganyika na Sheng. Wapo walimu wanaokunja uso wakisikia mchanganyiko huo. Mimi nadhani wanapitwa na uhondo.

Na kifo cha nunda? Mkaajikoni, kitinda mimba wa Sultani, huua mnyama mmoja baada ya mwingine akimletea mama yake, naye kila mara humwambia siye, mpaka siku anapompata mwenyewe. Mama wa Gatina huimaliza sehemu hiyo upesi, sufuria ikiwa tayari jikoni, na naona ana haki.

Basi kama kwenye ploti yenu yupo anayejua kutamba, mpe kigoda, zima televisheni, na akisema paukwa, usiwaachie watoto peke yao kuitikia pakawa.