Namba Nne za Jaguar ya Wazi

Jaguar E-Type si gari adimu. Kati ya 1961 na 1974 yalitoka zaidi ya 70,000 katika kiwanda cha Coventry, na mengi yalivuka bahari kwenda Marekani. Lile la wazi, lenye kofia ya turubai inayokunjwa nyuma ya viti, lilianza kuuzwa Uingereza kwa karibu pauni 2,100 pamoja na kodi. Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya Techno-Classica mjini Essen, Ujerumani, Jaguar yenyewe ilirudi sokoni na E-Type za toleo la kwanza. Ilikuwa imezisaka, ikazivua mpaka zikabaki bati tupu, ikazijenga upya, na sasa ikawa inaziuza kuanzia pauni 285,000. Mpango huo uliitwa Reborn, na kundi la kwanza lilikuwa la magari 10.

Gari lililotengenezwa kwa makumi ya maelfu linafikaje bei hiyo? Wengi hujibu kwamba ni umbo: boneti ndefu, taa zilizozama, mkia uliochongoka. Umbo hilo linapendeza kweli, ila magari yote 70,000 yanalo, hata yale yaliyooza mazizini. Rangi inayong'aa pia haielezi bei, maana fundi yeyote mwenye mkono mzuri na subira anaweza kuitoa. Mkusanyaji anayefungua pochi kwa fedha za namna hiyo anataka uhakika kwamba gari lililo mbele yake ndilo lililotoka kiwandani, na anataka kujua ni sehemu gani yake iliyobadilishwa, lini, na kwa nini. Kwa hiyo biashara ya gari lililofufuliwa inaanza siku fundi anapofungua bolti ya kwanza, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapopoteza fedha bila kujua.

Tuingie ndani ya boneti. E-Type lina kibati cha utambulisho ambamo kiwanda kiliandika namba nne: ya chasisi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi. Kila namba inapatikana pia kwenye kitu chenyewe. Ya injini imegongwa kwenye bloku, juu ya chujio la oili, na ikarudiwa mbele ya silinda hedi. Kwenye injini za lita 3.8 za mwanzo namba hiyo huanza na herufi R na kuishia na 8 au 9, kuonyesha mgandamizo wa 8 kwa 1 au 9 kwa 1. Injini za lita 4.2, zilizokuja 1964, zinaanza na 7E. Basi ukikuta gari linalotangazwa kuwa la 1961 na kwenye bloku pamegongwa 7E, umeshajua kwamba injini ile iliingia baadaye, hata kama muuzaji ameapa kwa jina la mama yake. Gari bado litatembea vizuri, pengine vizuri zaidi. Ila halimo tena katika kundi ambalo namba zake zote nne zinaoana, na kundi hilo ndilo linalobeba bei ya juu.

Namba ya chasisi ina utata wa kipekee. E-Type halina chasisi ya ngazi kama lori. Sehemu ya katikati ni sanduku la bati lililochomelewa, na mbele yake kumefungwa kwa bolti fremu ya mirija inayobeba injini na magurudumu ya mbele. Namba ya chasisi imegongwa kwenye kipande cha mbele kabisa cha fremu hiyo, upande wa kulia, yaani pale ambapo ajali ndogo tu ya mbele inapafikia. Mirija yenyewe hushikwa na kutu kwa ndani, mahali pasipoonekana. Fundi makini akifika hapo hulazimika kuweka fremu mpya kwa ajili ya usalama, na kwa kufanya hivyo anaiondoa namba asilia kwenye gari. Afanye nini? Anayejua soko atapiga picha kipande cha zamani kikiwa bado kimefungwa, atakipiga tena kikishatolewa, ataandika tarehe na sababu, kisha atakihifadhi ili kiende pamoja na gari. Atakayegonga namba upya kwenye chuma kipya na kunyamaza atakuwa ametengeneza gari salama lenye shaka, na mkaguzi mzuri huzitambua namba zilizogongwa leo kwa herufi na kina chake.

Baada ya chuma huja karatasi. Shirika la kumbukumbu la Jaguar, Jaguar Daimler Heritage Trust, hutoa cheti kinachonukuu daftari la kiwanda: namba zile nne, tarehe ya kutengenezwa, rangi ya nje, rangi ya ngozi na ya turubai, na wakala aliyepelekewa gari. Karatasi hii moja huamua mambo mengi. Kwenye magari ya wazi ya lita 3.8, yenye usukani wa kulia yalianzia namba 850001 na yenye usukani wa kushoto 875001. Waingereza wengi waliyanunua tena magari yaliyokuwa yamekwenda Marekani, katika mikoa mikavu ambako kutu haikuyala sana, wakahamishia usukani kulia. Kazi hiyo si aibu. Lakini gari lenye usukani wa kulia na namba inayoanza na 875 linajitangaza lenyewe, na muuzaji anayeliita gari la Uingereza tangu mwanzo anakuwa ameharibu neno lake lote lililobaki. Hali ni hiyohiyo kwa rangi. Gari lililozaliwa la kijivu likapigwa nyekundu kwa sababu nyekundu inauzika litampata mnunuzi, ila yule aliyekuwa tayari kulipa zaidi ataangalia cheti, ataangalia gari, kisha ataanza kupunguza.

Yapo magari ambamo jambo dogo hugeuka kuwa mtaji. Takriban E-Type 500 za wazi za mwanzo zilifungwa boneti kwa kufuli za nje, zinazofunguliwa kwa ufunguo maalumu wenye umbo la T. Baadaye vishikio vikahamia ndani. Sakafu za mwanzo zilikuwa tambarare, na ni mwaka 1962 ndipo kiwanda kilipozizamisha ili dereva mrefu apate pa kuweka miguu. Hata matundu ya kupumulia juu ya boneti yalikuwa vipande vya kuchomelea kabla hayajaanza kukatwa kwenye bati lenyewe. Kwa anayeendesha, sakafu tambarare ni adha tupu. Kwa mkusanyaji ni alama kwamba gari limetoka katika miezi ya kwanza. Na kwa kuwa vitu hivi vinaweza kuigwa, boneti yenye kufuli za nje isiyo na namba ya kuiunga mkono haithibitishi lolote.

Kazi ya bodi ndiyo inayotenganisha faili la kweli la ufufuaji na albamu ya picha nzuri. Gari la wazi halina paa la kulishikilia, hivyo uimara wake unategemea mihimili miwili ya bati inayopita chini ya milango. Humo ndimo kutu hupendelea kukaa. Fundi akiikata mihimili hiyo bila kwanza kufunga vyuma vya muda kati ya nguzo za milango, bodi hulegea na kupinda kidogo, na akishachomelea mihimili mipya ule upindo unabaki milele. Dalili yake iko kwenye mwanya wa mlango: mpana juu, umebana chini, au mlango unaohitaji kusukumwa ili ufunge. Puti inaweza kuficha mwanya mbaya, lakini kipimo cha unene wa rangi huisoma puti mara moja. Ndiyo maana picha zinazouza gari zaidi mara nyingi ni zile mbaya: bodi imevuliwa, kutu iko wazi, vyuma vya muda vimefungwa, mhimili mpya umechomelewa na bado haujapakwa chochote. Wale waliohudhuria shindano la magari maridadi la Africa Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, wanajua jinsi waamuzi wanavyolikagua gari mpaka chini. Mkusanyaji anayelipa bei ya juu huenda mbali zaidi, kwa sababu anataka kuona na yale ambayo rangi imeshayafunika.

Jaguar iliyaelewa haya vizuri kwenye Reborn. Magari yalirudishwa katika hali ya kiwandani, huku mteja akiruhusiwa maboresho machache: upoezaji bora wa injini, giaboksi ya gia zote kuingia bila kukwaruza kwenye gari la 3.8, na breki za mbele za toleo la pili. Angalia walivyochagua. Hakuna linalokata bati wala kutoboa bodi, na yote yanaweza kuondolewa na vya zamani kurudishwa. Ni uamuzi wa kiufundi ambao ni wa kibiashara vilevile, na naamini ndio bora kuliko yote katika mpango ule. Hati ya Turin, iliyopitishwa 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inaelekea njia hiyohiyo: kazi iwe ndogo kadiri inavyowezekana, na iandikwe.

Mwaka 2021 kampuni ilijaribu njia nyingine. Kuadhimisha miaka 60, iliuza E-Type 12 zilizofufuliwa kwa jozi sita, kila jozi ikiwa na moja yenye paa, ya rangi ya kijivu, na moja ya wazi, ya kijani. Kijani hicho kinakumbuka gari la wazi lenye usajili 77 RW, ambalo Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, aliliendesha usiku kucha kutoka Coventry hadi Geneva Machi 1961, kwa sababu magari ya majaribio hayakutosha kwa watu waliojaa kwenye maonyesho ya magari ya huko. Hapa hadithi iliwekwa mbele na uasili ukasogea nyuma, kwa kuwa magari hayo yalipewa giaboksi mpya ya gia tano. Sina ugomvi na jambo hilo maadamu lilitangazwa wazi. Ila hiyo ni bidhaa tofauti, na anayeinunua anunue akijua.

Kuna mnada mmoja ambao kila anayefikiria kufufua gari angepaswa kuusoma kabla hajashika spana. Februari 2015, jijini Paris, nyumba ya mnada ya Artcurial iliuza Ferrari 250 GT California Spider ya 1961 iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Ilikutwa magharibi mwa Ufaransa katika mkusanyo wa familia ya Baillon, imefunikwa vumbi na marundo ya magazeti. Wauzaji hawakuifufua wala hawakuing'arisha, na ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Miaka saba kabla, huko Maranello, California Spider nyingine, ya mwigizaji James Coburn na iliyofufuliwa, iligongewa nyundo kwa euro milioni 6.4, na ada ya mnunuzi ya asilimia 10 ikaifikisha 7.04. Soko lilikuwa limepanda sana kati ya minada hiyo, hivyo tofauti yote haiwezi kuwekwa mgongoni mwa vumbi. Lakini gari lisiloguswa linampa mnunuzi kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukirudisha: kila skrubu iliyopo iko pale ilipoachwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mwenye gari la kale ni kama kweli linahitaji kufufuliwa lote, au linahitaji breki, mipira na oili.

Likishafufuliwa, na faili likiwa kamili, kilichobaki ni siku ya ukaguzi. Mnunuzi wa maana huleta mtaalamu wake, naye huja na tochi, kipimo cha rangi na nakala ya cheti. Gari liwe limepaki juani, kwa sababu kivuli huficha mawimbi ya bati. Boneti iwe wazi, kibati kiwe safi bila kupakwa rangi, na vipuri vya zamani vilivyotolewa viwe ndani ya boksi pembeni, kila kimoja na kikaratasi chake. Na injini iachwe ya baridi tangu usiku. Mtaalamu atagusa bloku kwa kiganja kabla hajasema lolote, kwa kuwa injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka, moshi wa mwanzo na sauti ya mnyororo uliolegea, na hivyo vitatu ndivyo alivyokuja kuvisikiliza.