Gari la Rhino Charge: Difu Kabla ya Injini

Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza nchini Kenya mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kuizungushia uzio misitu ya Aberdare, hayampi ushindi anayewahi kufika, bali yule anayevipitia vituo 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua namna gari linavyoandaliwa, kwa kuwa dereva anayelizunguka korongo huongeza kilomita, na anayelivuka moja kwa moja huzipunguza, ilimradi gari lake litoke salama upande wa pili.

Kwa sababu hiyo, fundi makini huanzia kwenye difu, yaani mkusanyiko wa gia ulio kwenye ekseli unaoyawezesha magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Uhuru huo, unaofaa sana barabarani, huwa balaa kwenye mawe: gurudumu moja likining'inia hewani huzunguka bure, na lile la pili, ingawa limekanyaga ardhi, halipati nguvu ya kulisukuma gari, hata injini ingurume vipi. Loki ya difu huzifunga shafti za pande zote mbili zizunguke pamoja, hivyo gurudumu lililoshika ardhi hufanya kazi hata kama mwenzake yuko hewani. Hata hivyo, loki hufanya usukani uwe mgumu kukata kona na huibebesha shafti moja mzigo uliokusudiwa kugawanywa, na ndiyo maana kufunga loki bila kuimarisha shafti ni kazi iliyoachwa nusu.

Tairi hufuata. Kupunguza upepo kutoka paundi 35 hadi 18 hivi hurefusha sehemu inayogusa ardhi, na tairi likalifumbata jiwe badala ya kulirukia, ingawa upepo ukipungua mno tairi huweza kuchomoka kwenye rimu.

Winchi, yaani mtambo wa kujivuta kwa waya au kamba, huongezewa kapi ili nguvu ya kuvuta ikaribie kuwa maradufu, huku mwendo ukipungua kwa nusu. Inapofungwa kwenye mti, shina lizungushiwe kwanza mkanda mpana ili gome lisichunike; haifai kabisa mashindano ya kuhifadhi msitu yaache miti yenye majeraha.

Kuinua bodi kupita kiasi hakushauriwi, kwani gari hupinduka upesi kwenye mteremko wa ubavuni. Injini kubwa nayo ni ya kununuliwa mwisho; kwa anayeanza, loki ya difu ya nyuma ndiyo matumizi bora ya fedha.