Ufundi wa Kuvuka Milima kwa Baiskeli

Safari ya baiskeli ya siku kadhaa katika njia za changarawe milimani inadai ufundi wa namna yake. Baiskeli hubeba kila kitu: hema, blanketi, chakula, maji na vifaa vya matengenezo, na kila kilichomo mzigoni hulipiwa kwa jasho mlimani. Fundi wa safari hii hutambulika asubuhi, anapofunga mizigo bila kutafutatafuta, na jioni, anapofika akiwa bado na nguvu za kuchota maji na kuwasha jiko.

Ufundi huu ni wa zamani. Mwaka 1897 kikosi cha askari Wamarekani Weusi wa Rejimenti ya 25 kiliondoka Fort Missoula, Montana, kikiongozwa na Luteni James Moss, kikavuka milima ya Rocky na mbuga pana hadi St. Louis: kilomita zipatazo 3,000 kwa siku 41, kwa baiskeli za gia moja, kwenye matope, mchanga na hata juu ya mataruma ya reli. Kila askari alibeba nusu ya hema. Ikifika jioni, wawili waliunganisha nusu zao na kulala chini ya paa moja. Mpango ule wa kijeshi una hekima ambayo wasafiri wa leo wangefanya vyema kuirudia.

Gia moja mlimani ni adhabu, na sababu yake ni hesabu tu. Katika baiskeli ya kawaida ya mjini, mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli zaidi ya mita 5. Kwenye mwinuko mkali miguu haiwezi kuusukuma mzunguko huo kwa muda mrefu, ndiyo maana wachuuzi wa mkaa na maziwa hushuka wakakokota. Gia ya chini kabisa ya baiskeli ya milimani husogeza mita moja na nusu hivi. Mwendo hupungua hadi ule wa mtu anayetembea haraka, lakini miguu huzunguka kwa wepesi na safari haikatiki. Mfaransa Paul de Vivie, wa Saint-Étienne, alipanda milima na kuandika kwa miaka mingi akitetea gia nyingi, wakati wakubwa wa mbio waliziona ni za wanyonge. Alifariki mwaka 1930. Tour de France iliruhusu vibadilisha gia mwaka 1937. Kila afikaye kileleni akiwa bado juu ya kiti anadaiwa shukrani na mtu yule.

Tairi nazo zina siri yake. Tairi nyembamba iliyojazwa upepo hadi kuwa ngumu hurushwa na kila kokoto, na nguvu ya miguu hupotea katika mtikisiko. Tairi pana, ya milimita 45 au 50, yenye upepo wa wastani, hulimeza jiwe na kupita. Raha ya siku nzima hutegemea zaidi upepo huo kuliko thamani ya fremu.

Mzigo mzito hukaa chini na katikati, ndani ya pembetatu ya fremu. Mwepesi, kama blanketi na nguo, hufungwa kwenye usukani na nyuma ya kiti. Kanuni hiyo wachukuzi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa mikono. Anayepeleka matenga gulioni huyasawazisha pande zote mbili, kisha huyakaza kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu chakavu. Hakuna kamba inayoushinda mpira huo: unavutika, haulegei kwa mtikisiko, na unapatikana kwa bei ya chini kabisa.

Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, ni mahali pazuri pa kuyaona haya yote yakifanya kazi. Mombo iko chini, kwenye joto, karibu na mashamba ya mkonge. Kutoka hapo barabara ya lami hupanda kando ya bonde, hupita Soni penye maporomoko, na kufika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, baada ya kilomita zipatazo 33 na mwinuko wa karibu mita 1,000. Kwa msafiri ambaye yeye, baiskeli na mzigo wana jumla ya kilo 95, kuinuka mita 1,000 ni kazi ya kilojuli 930 hivi. Mwili hugeuza takriban robo tu ya chakula kuwa kazi, kwa hiyo mpando huo hula karibu kilokalori 900. Atakayeuanza na chai tupu ataijua hesabu hiyo kabla ya Soni.

Juu ya Lushoto hewa hubadilika. Njia hupita kwenye msitu wa Magamba, makao ya mbega weusi kwa weupe, kisha huzunguka kwenye migongo ya vilima vilivyolimwa kabichi, karoti na viazi, hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa genge. Chini yake tambarare ya Mkomazi imelala mamia ya mita. Anga ikiwa safi, milima ya Upare huonekana upande wa kaskazini-magharibi. Mwendo wa polepole wa kupanda una faida ambayo gari haina. Mzee aliyeketi kando ya njia hupata shikamoo yake, naye hurudisha marahaba na pole ya safari, na mara nyingi huongeza habari ya daraja lililobomoka mbele, ambayo ramani haina.

Mteremko hudai akili zaidi ya mpando. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka, kwa breki zote mbili. Breki ya mbele ikikazwa ghafla juu ya changarawe, gurudumu huteleza na mtu huanguka. Macho hutazama njia inayotakiwa, kwa maana baiskeli hufuata macho, na anayelikodolea shimo hutumbukia humo. Kwenye mikunjo midogo inayoumbwa na magurudumu ya magari, mikono hulegezwa na makalio huinuliwa kidogo.

Kuhusu vifaa, msafiri mwerevu hubeba kile ambacho kijiji hakina. Karibu kila kituo kina fundi baiskeli aliyeketi kivulini na beseni la maji, msasa, solusheni na viraka. Pancha kwake ni kazi ya dakika chache, na tyubu za inchi 26 na 28 zimezoeleka madukani. Lakini pedi za breki za diski, kiungo cha mnyororo mwembamba na kishikio cha kibadilisha gia havipatikani. Hivyo ndivyo vya kubeba.

Rafiki ndiye sehemu ngumu kuliko zote ya ufundi huu, na ndiyo bora. Wawili hugawana pampu moja, jiko moja na hema moja, na mzigo wa kila mmoja hupungua. Mwenye pumzi ndogo hutangulia kwenye mpando, kwa sababu akiachwa nyuma atajikaza kupita uwezo wake, na kesho yake wote wawili hawatafika. Kwenye mteremko huachiana nafasi ili vumbi litulie. Mabishano huja kwenye njia panda, alasiri, njaa ikiwa imeingia. Dawa yake ni kula kwanza, kuamua baadaye. Na karibu na ikweta jua halimsubiri mtu: saa kumi na mbili na nusu giza limeshaanza kuingia, kwa hiyo mahali pa kulala hukubaliwa mapema, na anayesema amechoka hasihiwi wala habembelezwi aendelee.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa Usambara hunata kwenye magurudumu hadi yakagoma kuzunguka, na vuli nayo huleta utelezi mwishoni mwa mwaka. Anayetaka kuianza safari hii na mwenzake achague Juni hadi Septemba, abebe sweta kwa ajili ya usiku wa Mtae, na aondoke Mombo alfajiri kabla jua halijakolea.