Jengo Zuri Mno la Kuumwa

Tulivuka mpaka wa Lunga Lunga alfajiri, mimi, mamangu na bibi yangu wa Msambweni, tukielekea Unguja kumwona dada yake. Siku ya tatu nikawaburuta hadi Mizingani, kwenye lile jengo la roshani za mbao ambalo kila mtu anayefika Mji Mkongwe lazima alipige picha. Nami nikapiga.

Stori yake ni hii. Mwaka 1887 tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali, kuadhimisha jubilei ya Malkia Victoria. Akafa 1891, jengo likakamilika 1894 bila yeye. Mwaka 1900 likauzwa, chini pakawa zahanati ya kuwatibu maskini, juu nyumba za watu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa, likachakaa. Miaka ya 1990 Aga Khan Trust for Culture ikalikarabati, likawa kituo cha utamaduni.

Ukarabati wenyewe, kusema kweli, ni kazi safi. Nakshi za roshani zimekaa kama lesi ya kanzu, na ukisimama uani unasahau joto la nje. Mama alifurahi. Bibi alizunguka kimya, akashika nguzo, akasema, "Pazuri. Pazuri mno kuumwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Mimi hospitali naijua kwa benchi, mjukuu wangu."

Ndipo akatuambia habari ya kifungua mimba wake. Alikaa naye kwenye benchi la hospitali moja ya kwetu tangu alfajiri, homa imempanda, na mtoto akakata roho kabla hawajaitwa. Mama alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote hiyo!

Hapo ndipo nilipoelewa kinachonisumbua kwenye majengo yetu ya kihistoria. Aliyetoa ana jina, ana mwaka, ana jiwe la msingi. Aliyepokea hana hata jina. Tumejifunza kuokoa mbao, na ni vyema, maana mbao zikioza hazirudi. Lakini kumbukumbu za wagonjwa nazo zinaoza. Mtoto aliyenyweshwa dawa pale mwaka 1964 akiwa na miaka kumi, leo ameshapita sabini. Huyo naye ni sehemu ya jengo, na hakuna fundi atakayemchonga upya.

Kwa hivyo nendeni. Angalieni roshani, pigeni picha zenu. Ila msiende peke yenu. Mchukueni mzee, halafu mnyamaze yeye aongee.

Tukiwa kwenye boti ya kurudi, niliwasha kinasa sauti cha simu, nikamuuliza bibi yule mtoto aliitwa nani. Mama akasogea karibu.