Kwa Nini Abaki Mmoja Tu? Neno kwa Wanaoandika Mashindano ya Kifo

Kuna homa imeingia katika madaftari yetu sisi waandishi chipukizi, nami nimeona niiseme humu humu jaridani kabla haijawa ugonjwa wa kudumu. Kila kijana anayeniletea hadithi yake niisome siku hizi ananiletea ile ile. Watu wasiojuana wanazinduka mahali pasipojulikana. Wamevalishwa nguo za aina moja zenye namba kifuani. Sauti inatoka kwenye spika: mtacheza, atakayeshindwa atakufa, na mwisho abaki mmoja tu. Basi wanaanza kufa. Kurasa arobaini ni za kufa. Anayebaki ni kijana mpole mwenye mchumba anayemsubiri, naye anatoka na begi la fedha. Tamati.

Nimesoma tatu za namna hiyo tangu mavuno ya mpunga yaishe hapa Chimala. Waandishi wake siwataji. Wenyewe wanajijua, na kijiweni tutakutana tu.

Sisemi kuiga ni dhambi. Hata Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ina harufu ya Alfu-Lela-Ulela, na hakuna anayeidharau kwa hilo. Swali langu ni jingine: ukiiga, unachukua nini na unaacha nini? Kwa maoni yangu vijana wetu wamechukua gamba wakaacha kobe.

Hebu tuangalie huko zilikotoka. Wengi wetu tulikutana na hadithi hizi kibandani, filamu ikiwa imetafsiriwa na hawa jamaa wanaoweka sauti juu ya picha, warithi wa Lufufu wa zama za kanda za video. Mtafsiri anachekesha na kuongeza chumvi, na damu inapita upesi. Ukiangalia kwa utulivu unagundua mambo mengine. Chukua Battle Royale ya Mjapani Koushun Takami, riwaya ya mwaka 1999 iliyofanywa filamu mwaka 2000. Wanafunzi 42 wa darasa moja wanapelekwa kisiwani na serikali yao na kuamriwa wauane. Aliyeiongoza filamu ile, Kinji Fukasaku, mwaka 1945 alikuwa na umri wa miaka 15, yeye na wanafunzi wenzake wakifanya kazi katika kiwanda cha silaha. Mabomu yakawaangukia. Alisimulia mwenyewe jinsi walivyojificha chini ya miili ya wenzao, na jinsi waliobaki walivyotumwa kuzoa maiti. Unaona? Mzee huyu hakuwa akibuni mchezo. Alikuwa na deni na wakubwa waliowadanganya watoto, akalilipa akiwa na miaka sabini.

Au Squid Game ya Mkorea Hwang Dong-hyuk, iliyotoka mwaka 2021 na kutuvuruga akili mtaa mzima. Hwang aliiandika kuanzia mwaka 2008, yeye na familia yake wakiwa wameelemewa na madeni. Kwa muda wa miaka kumi hivi hakupata wa kuitengeneza. Wakati mmoja aliacha kuandika akauza kompyuta yake ya mkononi kwa dola 675. (Kwa wale mnaolalamika kwamba mhariri amekaa na hadithi yenu miezi mitatu, someni tena sentensi hiyo.)

Kila mtu anakumbuka yule mdoli mkubwa na watu wanaoanguka kwa risasi. Mimi naona kitisho chenyewe hakipo pale. Wachezaji ni 456. Baada ya mchezo wa kwanza wamebaki 201, wanapiga kura, na kwa tofauti ya kura moja wanaamua kuondoka. Wanarudishwa makwao. Wako huru! Halafu 187 kati yao wanarudi kwa miguu yao wenyewe, kwa sababu huko nyumbani mdai yuko mlangoni na mama mgonjwa hana matibabu. Hapo ndipo nywele zinasimama. Mtu amepima kifo cha huku na maisha ya kule, akaona heri kifo. Katika zile hadithi tatu nilizosoma hakuna hata moja yenye kura, wala mlango wa kutokea, wala sababu ya kurudi. Wahusika wametekwa, basi. Wakitekwa tu, mwandishi amepunguziwa kazi, maana hana haja ya kutueleza walikuwa nani jana yake.

Na sababu tunazo jamani, tele. Nani hapa hajui mikopo ya kausha damu? Mama anachukua laki moja kwa ajili ya genge lake la nyanya, baada ya wiki chache anahamisha masufuria usiku ili yasibebwe. Nani hajui kijana aliyeweka nauli ya kurudia kazini kwenye mkeka, timu kumi na mbili, ikamchania moja? Huku bondeni Usangu kuna mkulima anauza mpunga wake ungali kijani shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anatakiwa shuleni Jumatatu. Wakati wa mavuno anasimama pembeni ya shamba alilolilima mwenyewe na kutazama wengine wakifunga magunia. Mpe huyu karatasi yenye namba ya simu na umwambie kuna mchezo. Je, hatapiga?

Badala yake, moja ya zile hadithi imewekwa katika “kisiwa cha ajabu katika bahari ya Pasifiki”. Mwandishi wake hajawahi kuvuka Igawa. Wahusika ni Frank, Steve na Jessica, na wakiumia wanasema “oh Mungu wangu”. Bwana wee! Sisi tunaishi juu ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Kila siku magari yanashusha hapa watu wasiojuana: dereva wa lori la Tunduma, kibarua wa kupandikiza mpunga, mwanamke anayempeleka mgonjwa hospitali ya misheni, mfanyabiashara wa mchele kutoka Dar. Nyuma yetu barabara inapanda mlima kwenda Matamba kwa kona 57, zimehesabiwa. Hebu fikiria mashindano yanayopanda kona moja baada ya nyingine, kila kona akipungua mtu, ukungu wa Kitulo ukiteremka kuwapokea, na bonde lote la Usangu linameta chini yao kama sahani. Huhitaji Pasifiki.

Kuna watakaosema mambo ya njozi hayaendani na Kiswahili, kwamba riwaya yetu ni ya kijiji na mjini, ndoa na ujamaa. La hasha. Kezilahabi alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba viwili vilivyowatoa jasho walimu. Njia ilishafyekwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, nalo ni sheria yenyewe: abaki mmoja tu. Vijana wetu wameishika kama amri ya Musa. Lakini angalieni hadithi kubwa za aina hii zinavyoishia. Katika Battle Royale wanatoroka wawili, mvulana na msichana. Katika The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008, vijana 24 wanaingizwa uwanjani na wanatoka wawili, baada ya kutishia kula matunda ya sumu pamoja na kuwaacha wakubwa bila mshindi. Katika Squid Game ya kwanza mshindi anabaki mmoja kweli, lakini hajisikii mshindi. Anakaa mwaka mzima bila kuzitumia zile fedha. Na ilipofika sehemu ya tatu, mwaka 2025, mtu yule yule aliyeshinda mwanzoni anajitoa uhai wake ili mtoto mchanga ndiye abaki. Kumbe! Sheria imewekwa pale ili ivunjwe. Hadithi nzima ni swali moja: nani ataivunja, na kwa gharama gani? Mwandishi anayeifuata sheria ile hadi ukurasa wa mwisho amekaa upande wa ile sauti ya kwenye spika bila kujijua.

Mkorea yule alichukua michezo ya watoto wa kwao, kuvuta kamba, gololi, na ule wa ngisi, akaitia sumu. Vizuri. Na sisi tuna ya kwetu. Tuna rede, wawili wanarusha mpira na wa katikati wanakwepa, akiguswa mtu anatoka. Hiyo ikiwekwa risasi badala ya mpira inatosha kabisa kwa sura ya kwanza, nawapa bure. Lakini tuna mchezo mmoja ambao sijaona mwandishi aliyeugusa, nao ni kombolela.

Wote tumeucheza. Mmoja anabutua kopo, mtafutaji analikimbilia kulirudisha, wengine wanatawanyika kujificha. Akikuona anataja jina lako na kuliwahi kopo. Umeshikwa, unakaa pembeni na wafungwa wenzako. Mnashikwa wawili, watano, tisa. Abaki mmoja tu, nyuma ya choo au juu ya mwembe, giza linaingia na mama wanaita. Kwa sheria ya Kikorea huyo ndiye mshindi na wengine wote ni maiti. Kwa sheria ya kombolela huyo bado hajashinda chochote. Kazi yake ndiyo kwanza inaanza. Anatakiwa atoke mafichoni, akimbie mbele ya macho ya mtafutaji na alibutue kopo, na akifanikiwa wote waliofungwa wako huru. Jina lenyewe la mchezo linasema kukomboa. Wale tisa waliokaa chini hawamwombei afe. Wanamwombea afike.

Sijui kama mnaona uzito wa jambo hili kwa mtu anayetaka kuandika riwaya. Tumelelewa na mchezo ambao wa mwisho kubaki ana deni kwa wote waliotangulia kushikwa. Halafu tukikaa mezani kuandika tunaandika kinyume chake, na tunaita usasa.

Shaaban Robert alilijua hili. Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951 ambacho wengi tulikisoma kwa ajili ya mtihani tu, ukikisoma tena leo ni mashindano ya kifo matupu. Nchi inaelea angani. Wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, wanatumwa mmoja mmoja: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wanapita kwenye mateso ya ajabu. Wanaporudi na mambo mema ya kuifaa nchi, wanatupwa gerezani. Anabaki mmoja, Karama, anayeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha watu uanasheria, na roho yake iko mikononi mwa mfalme. Amepewa siku sita za kujitetea. Anazitumiaje? Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyefungwa. Habari zake mwenyewe anazigusa kidogo mno. Na mwisho wake anaachiwa huru yeye, na wale sita wanatolewa gerezani. Karama amebutua kopo! Darasani tuliambiwa kitabu hiki ni fumbo la utawala wa kikoloni, na ni kweli, lakini hakuna aliyetuambia kwamba ni kombolela.

Nina hoja moja kwa wale wanaopenda damu nyingi. Moja ya zile hadithi tatu ina watoto wanaolazimishwa kuuana kwa marungu, na mwandishi ameandika kwa furaha, karibu kwa mizaha. Ndugu yangu, hilo halikubuniwa Japani. Kaskazini ya Uganda waasi wa Joseph Kony waliteka watoto kwa maelfu, na wengi walilazimishwa kumpiga mwenzao hadi afe kwa sababu amejaribu kutoroka. Walikuwa watoto wasiojuana, kutoka vijiji tofauti, na asiyepiga anapigwa yeye. Tarehe 10 Oktoba 1996 walichukua wasichana 139 katika shule ya Aboke. Mtawa mmoja wa Kiitalia, Sista Rachele Fassera, naibu mkuu wa shule, akawafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja wa kiume. Akabishana na wale watu wenye bunduki. Akarudi na wasichana 109. Thelathini walibakizwa.

Sisemi tusiandike mambo hayo. Nasema anayeandika ajue kwamba kuna watu, siyo mbali na hapa, ambao kwao “abaki mmoja” ni jina la mtu wanayemkumbuka usiku. Ukijua hivyo kalamu inapunguza mwendo yenyewe. Unajiuliza yule Sista alitembea vipi kurudi shuleni na 109, akiwahesabu, huku masikio yako nyuma kwa wale 30. Hiyo ni riwaya nzima, na haina namba kifuani hata moja.

Katika hadithi zile tatu kuna moja nimeipenda kwa ukurasa mmoja. Ni ile ya pili, yenye mwandiko wa kulala. Wamebaki wawili, mwanamke muuza uji na kijana kondakta, na katikati yao kuna kisu. Mwanamke anamwuliza kondakta kama ndiye aliyemkatalia chenji ya mia tano stendi ya Uyole miaka miwili iliyopita. Kondakta anafikiri, anasema inawezekana. Wanacheka. Ni mistari kumi tu, lakini kwa mara ya kwanza niliwaona ni watu, nikaogopa kufungua ukurasa unaofuata. Nilipoufungua, kondakta ameshamchoma kisu, amebeba begi, jua linachomoza.

Mwandishi wa hadithi hiyo, rudi kwenye ule ukurasa. Waache wacheke kidogo zaidi. Halafu mtoe yule mama nje, mwache kondakta ndani na kisu chake, na utuandikie anachofanya mama huyo akisikia nyuma yake mlango unafungwa.